Lenzi Moja ya Kutembea Nayo, na Uso wa Koko Anastazia

Tangu nilipotundika kamera ukutani, hakuna kijana wa kazi yetu anayekuja kwangu kuniuliza habari za magoti yangu au za roho yangu. Wanakuja na swali moja. Wanaketi, wanakubali chai, wanaisifu chai, halafu linatoka, kwa Kifaransa chetu cha kumwita mzee Vieux na lenzi objektifu: "Vieux, nikinunua objektifu moja tu, ya kutembea nayo kila mahali, ile inafanya yote, nichukue gani?"

Inayofanya yote. Mungu mwenye uwezo wote hakuumba kiungo kimoja cha kufanya yote. Aliona vema jicho liwe jicho na goti liwe goti. Lakini kiwanda fulani cha ng'ambo kimeandika kwenye karatoni kwamba bomba lake linapiga mlima, harusi, ndege na mdudu, na kijana wa Uvira, aliyebatizwa, anayejua kusoma, ameamini. Namshukuru Bwana kwa zawadi ya uvumilivu. Bila hiyo ningekuwa nimemwaga chai nyingi.

Basi nitajibu mara moja, kwa maandishi. Atakayekuja tena na swali hilo nitampa karatasi hizi, na chai atanywa kwake.

Nilianza kazi kwa mzee Kashindi, aliyekuwa na studio ya mbao Mulongwe, upande wa soko, mbali kidogo na mto, ingawa mto wenyewe haukuwahi kukubali neno hilo "mbali". Siku ya kwanza sikugusa kamera. Alinipa kitambaa akaniambia nifute kioo cha dirisha. Nilifuta mpaka nikaona aibu ya kuendelea kufuta kitu kisafi. Akaja, akakitazama, akakitemea mate katikati, akanirudishia kitambaa.

"Papa, kwani nimekosa nini?"

"Haukukosa. Nataka ujue kioo. Kila muntu utamupiga atapita mule. Uchafu ikiwa mule ndani, hata askofu atatoka muchafu."

Leo vijana wanafuta lenzi kwa ncha ya shati, shati lenye jasho na vumbi la barabara ya Bukavu, kisha wananionyesha picha na kuniuliza kwa nini anga lina madoa. Anga halina madoa. Nimelitazama maisha yangu yote.

Kamera ya mzee Kashindi ilikuwa na lenzi moja isiyovuta wala kurudisha. Ukitaka uso mkubwa, unasogea. Ukitaka ukoo wote, unarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta au mbuzi. Wapo wazee wenzangu wanaoisifu enzi hiyo kama Edeni. Wanawaambia vijana kwamba mpigapicha wa kweli anavuta kwa miguu yake. Hao nao nawaombea. Ni watu ambao hawajawahi kupiga picha mahali ambapo miguu imekatazwa, na kwetu miguu imekatazwa karibu kila mahali penye jambo la maana: mbele ya altare, kati ya koo mbili zinazojadili mahari, kando ya kaburi lililo wazi. Kwa hiyo lenzi ya kuvuta ni jambo jema, na niliposhika ya kwanza nilitoa shukrani. Ugomvi wangu ni na wajinga wanaoinunua.

Lakini kabla ya lenzi, mzee Kashindi alinifunza mambo ambayo hayamo kwenye kijitabu cha kamera yoyote. Mkubwa akinywa au akila, shusha kamera. Kinywa cha mzee si maonyesho. Salimia kwanza, piga baadaye. Na katika kila sherehe alitenga sehemu ya filamu kwa nyuso za wazee, hata pale ambapo hakuna aliyeziagiza. Nilimuuliza mbona anaharibu filamu.

"Hawa wenye kuoana watarudi kesho kuuliza picha zao," alisema. "Hawa wazee, watu watakuja kuuliza picha yao siku wao hawako. Na hiyo siku, muntu wa kwanza watamukimbilia haiko padri. Ni weye."

Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyo. Mtu akifa, ukoo unatafuta uso. Uso unakuzwa, unawekwa fremu, unabebwa mbele ya sanduku. Wazee wetu wanalijua hili kuliko sisi, ndiyo maana wengi wao, hasa wa Bonde la Ruzizi, hawakubali kupigwa picha wakiwa peke yao. Mwambie mzee wa Bonde aketi kwenye kiti utengeneze uso wake tu, atakuuliza kama urefu wa sanduku umeshaupima.

Kumbukeni hilo. Ni kwa ajili ya hilo naandika, na milimita za lenzi zinafuata nyuma.

Lenzi yangu ya kwanza ya kuvuta niliinunua mkono wa pili kutoka kwa mtu aliyevuka nayo mpaka kutoka Bujumbura, na niliichagua kama mnavyopaswa kuchagua zenu. Ielekeze chini uone kama inateremka yenyewe. Ile inayoteremka kama suruali ya mlevi irudishe kwa mwenyewe na umtakie heri. Mulika tochi ndani yake kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyeupe kama mizizi ya nyasi, huo ni ukungu. Umezaliwa na unyevu wa ziwa letu na hautoki kwa maombi wala kwa kitambaa. Izungushe polepole usikilize. Mchanga una sauti. Kila lenzi inayorefuka inapovutwa inavuta na hewa, na hewa ya Bonde wakati wa kiangazi ni unga. Nimefungua lenzi ya kijana mmoja nikakuta ndani udongo wa kutosha kupanda mchicha.

Nyumbani niliihifadhi yangu ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko, pamoja na mchele uliokaangwa mkavu na kufungwa kwenye kitambaa. Vijana wanacheka kopo langu. Mabegi yao yana mifuko ya kila kitu, zipu mbili kwa kila mfuko, na lenzi zao zina ukungu.

Kisha kuna mwanga. Mungu aliuumba kabla ya vitu vingine, na watengenezaji wa lenzi ndefu wamefanya bidii kubwa kuuzuia usiingie. Hizo lenzi zao za kufanya yote, kadiri unavyozivuta ndivyo tundu linavyobana, na ukifika mwisho unatazama dunia kupitia tundu la sindano. Mchana ufukweni Kalundu hutajua. Ingia kanisani, Misa ya kwanza, madirisha madogo, umeme umekwenda. Uso wa bibi-arusi unatoka kama moshi. Hapo kijana anawasha flashi, na padri anageuka. Nilikuwepo siku moja padri aliposimamisha ibada akamwambia mpigapicha, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapa tuko na Misa. Sinema iko pale rondpoint."

Katika miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa na kijana mmoja, Heritier. Ana mkono mzuri, namheshimu mama yake, na ana ugonjwa wa kununua. Asubuhi moja aliingia studio amebeba karatoni kama mtu aliyebeba Sakramenti.

"Vieux, tazama. Kumi na nane mpaka mia tatu! Sitabadilisha objektifu tena. Niko hapa mulangoni, napiga Burundi."

"Burundi wamekukosea nini?"

"Vieux, weye iko na wivu."

"Vuta nione."

Akavuta. Bomba likatoka, likatoka, likaendelea kutoka, mpaka mteja aliyekuwa ameketi kwenye benchi akasogeza kichwa.

Yangu wakati huo ilianzia ishirini na nne na kuishia mia na tano. Kwenye kamera yangu, huo ni upana wa kuingiza ukoo uliokaa mistari miwili, mpaka ukaribu ambapo watu wawili walioketi bega kwa bega wanaijaza picha. Tundu lake la mwanga halikubana ukivuta. Ilirefuka kidogo tu, kama kobe anayechungulia. Heritier aliiita "ya mapadri", akimaanisha kwamba inajinyima mengi. Nililipokea jina hilo kwa shukrani.

Mwaka huohuo alikuja Bosco, anayeuza sabuni na sukari pale Mulongwe. Mto ulikuwa umepanda, kama unavyofanya ukichoka kutusikiliza, na ulikuwa umepita nyumbani kwake.

"Vieux, maji ilibeba yote," alisema. "Picha ya baba, picha ya ndoa, komunyo ya watoto. Sina sura ya mama hata moja. Na mama iko anazeeka."

"Mulete hapa."

Bosco akacheka bila furaha. "Nilimupelekea fotografe kule Katogota, kwake. Mama akamuuliza, 'Weye ndiye fundi wa masanduku?' Akamufukuza na fagio. Nikajaribu na simu, nikafanya kama niko nasoma mesaje. Tazama nilipata nini."

Akanionyesha. Alikuwa amepata sikio moja na kilemba.

"Minye Bosco ni mutoto wake wa pekee, Vieux. Nikimuzika bila sura, watoto wangu watamujua kwa sikio?"

Sikucheka. Tulipatana hivi: binti yake Bosco alikuwa anaposwa, na mahari ingepokelewa Katogota, kwenye boma la ukoo, mama yake huyo, Koko Anastazia kama wajukuu wanavyomwita bibi yao, akiwa mkubwa wa nyumba. Hapo hatakuwa peke yake, na hakuna wa kumwita akae kwenye kiti. Nitapiga sherehe kama sherehe nyingine, na katikati ya sherehe nitatafuta uso. Heritier atakuja kunisaidia. Hilo la Heritier lilikuwa wazo la Bosco, aliyeliona bomba na kuvutiwa nalo, kama wanavyovutiwa wote wasiojua.

Tulifika Katogota asubuhi. Niliacha begi kwenye gari, nikaning'iniza kamera shingoni na lenzi ikiwa imerudi ndani, nikaenda jikoni kumsalimu Koko kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa anachambua maharagwe pamoja na wifi yake, Koko Melania, mjane wa kaka yake, ambaye walikuwa wamelima naye na kuzika naye tangu ujana. Melania alikuwa mnene na mcheshi. Anastazia alikuwa mwembamba kama mpini.

"Na hiyo kintu ya shingoni?" Anastazia akauliza.

"Ni ya harusi, Koko."

"Sawa. Ikae na harusi yake."

"Mimi unaweza kunipiga," Melania akasema. "Lakini unipunguze."

Sasa sikilizeni jinsi ukoo ule unavyopokea wageni. Upande wa binti unakaa chini ya hema moja, upande wa kijana chini ya lingine, wakitazamana, na kati yao inaachwa nafasi tupu. Nafasi hiyo haivukwi mpaka wasemaji wa pande zote mbili wamalize na mkubwa wa nyumba akubali. Anayeivuka amekata maneno, na maneno yanaanza upya tangu salamu. Namjua mpigapicha aliyewahi kuivuka mahali fulani akitafuta pembe nzuri. Wageni walikula chakula kimepoa, na hakuitwa tena Bonde lote. Huyo alikuwa anavuta kwa miguu.

Mahema yenyewe yalikuwa ya bluu. Nani aliyeamua kwamba furaha zetu zote zifanyike chini ya plastiki ya bluu sijui, lakini nyuso za watu weusi chini yake zinatoka kama za waliotolewa ziwani. Nilimwomba Bosco asogeze kiti cha mama yake ukingoni mwa hema, ambapo mwanga wa ua uliosafishwa na fagio ulikuwa unapanda kutoka chini na kumwangaza vizuri. Kisha nikachukua kigoda, nikaketi upande wa wageni, mstari wa mbele kabisa pembeni, nikaweka kamera kwenye mapaja. Nililenga mara moja, nikaona Anastazia na Melania wanaingia wote wawili pamoja na mikono yao, nikaiacha lenzi hapohapo. Nikamwambia Heritier apige ujumla, zawadi, vijana. Wazee aniachie.

Heritier hakuniachia. Wasemaji walikuwa wamefika kwenye utani mtamu, yule wa wageni akisema wameona ua zuri nyuma ya nyumba hii na hawajui kama lina mwenyewe, nikamwona kijana wangu amesimama nyuma ya wageni wote, juu ya kreti ya soda, amelielekeza bomba kwa Koko. Likaanza kutoka.

Nataka muelewe. Watu wa Bonde wameona mirija mingi ikielekezwa kwao, na si yote iliyokuwa na kioo mbele. Koko Anastazia aliuona huo kutoka upande wa pili wa ua, juu ya vichwa vya watu, ukirefuka kumjia yeye.

"Bosco!" Sauti yake ilikata utani katikati. "Ule mutoto iko ananielekezea nini?"

Watu wote wakageuka. Heritier akabaki juu ya kreti, bomba limetoka lote, kama korongo aliyenasa.

"Ni kamera, mama," Bosco akasema. "Ni kamera tu."

"Kamera gani inakuja yenyewe?"

Akavuta kitenge chake kutoka begani, akajifunika uso mpaka chini ya macho. Melania akamwambia kitu kwa Kirundi kilichowachekesha wanawake wa nyuma, lakini kitenge hakikushuka. Msemaji wa wageni, mtu wa busara, akafungua mikono: "Wazazi, sisi tulikuja kuomba binti. Kama kuna vita, mutuambie turudishe ng'ombe." Watu wakacheka, maneno yakaendelea. Lakini uso ulikuwa umefungwa.

Bosco alinitazama kutoka ng'ambo ya ile nafasi. Nimeona watu wakitazama hivyo mlangoni mwa hospitali.

Heritier alikuja akainama nyuma yangu, jasho linamtoka. "Vieux, nilipata tatu kabla afunike."

"Nionyeshe."

Zilikuwa bluu, zilikuwa za moshi, na katika ile iliyo bora zaidi Koko alikuwa na pua mbili. Mia tatu zake zote, na tundu lake la sindano, chini ya plastiki, mikono ikitetemeka juu ya kreti. Nilisali kidogo, sala fupi ya mtu mwenye kazi, nikaendelea kukaa.

Wasemaji walimaliza. Koko alikubali kwa kichwa, kitenge kikiwa bado usoni. Nyungu ya pombe ya mtama ikaletwa mbele ya wazee, na mirija ikagawanywa. Koko akashusha kitenge ili anywe.

Heritier alinishika bega. "Vieux! Sasa! Sasa!"

Niliiacha kamera mapajani, nikatazama pembeni.

"Vieux, uso iko wazi! Piga!"

"Anakunywa."

"Nimeona anakunywa! Piga tu, nani atajua?"

"Yeye."

Na kweli, akiwa ameinama kwenye nyungu, jicho lake moja lilikuwa kwangu. Lilikuwa linapima. Alikunywa bila haraka, kwa makusudi nadhani, na Heritier nyuma yangu alikuwa anapumua kama mtu anayejifungua. Aliporidhika aliuacha mrija, akajifuta kinywa kwa mgongo wa mkono. Kitenge kikabaki mapajani. Melania, ambaye mrija wake ulikuwa bado mkononi, akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Anastazia! Si ulisema unakunywa kidogo, daktari amekataza? Sasa daktari naye atakunywa nini?"

Anastazia akageuza uso kwake, kidevu juu, akapiga goti la Melania kwa kiganja na kucheka, cheko la mtu anayejaribu kulizuia. Mwanga wa ua ulimjaa mpaka chini ya kilemba. Niliinua kamera, nikapiga, nikapiga tena, nikaishusha. Sikuvuta chochote. Lenzi ilikuwa imekaa pale tangu asubuhi ikiwasubiri, na haikutoa hata kidole kimoja kumshtua mtu.

Alisikia. Kamera yangu ilikuwa ya zamani na ilikuwa na mlio. Alinitazama muda mrefu, kisha akaendelea na wageni wake.

Jioni, watu wakila, alimtuma mjukuu aniite. Nilimkuta mlangoni, Melania kando yake, Bosco amesimama nyuma na mikono yake haijui pa kwenda.

"Leta ile kintu."

Nikamwonyesha kwenye kioo kidogo cha nyuma. Alishika kamera kwa mikono miwili kama anayeshika sahani ya mboga moto.

"Ni minye huyu?"

"Ni weye, Koko."

"Melania iko na meno mazuri."

"Nilikuambia tangu zamani," Melania akasema.

Anastazia hakuiachia kamera. "Minye najua Bosco alikutuma nini," akaniambia. "Mama haiko mujinga. Bosco, simama vizuri, sikukuita mwizi." Kisha akanirudishia kamera. "Muchukue. Lakini musikate. Mutuache vile tulikaa. Minye siendi peke yangu."

Bosco alilia, na wageni walidhani ni kwa ajili ya binti.

Studio, Heritier alitaka kukata. Alikuwa na hoja zake: picha ina ukubwa wa kutosha, tutapata uso safi kabisa, Bosco atafurahi. Nilimwambia akate nywele zake. Picha ilitolewa kubwa, na wawili wote ndani, na Bosco akaitundika sebuleni Mulongwe, juu kabisa, juu ya ule mstari ambao tope liliuchora ukutani.

Muda haukuwa mrefu baadaye nikastaafu. Misa ya shukrani, soda, hotuba. Heritier alinipa kamba mpya ya kamera niliyokuwa nimeamua kutoishika tena. Na baada ya hapo aliyekufa hakuwa Anastazia. Alikuwa Melania, aliyelala akicheka, wanasema, na hakuamka.

Watoto wake walikuja kwangu moja kwa moja, kama mzee Kashindi alivyosema, kabla ya kwenda parokiani. Melania, ambaye maisha yake yote aliomba apigwe picha na apunguzwe, hakuna aliyekuwa amempiga. Waliokuja kwenye sherehe walikuwa wanapiga maharusi. Uso wake ulikuwepo kwenye picha moja, pembeni mwa mtu mwingine.

"Tukatie mama yetu peke yake," wakasema. "Ya sanduku."

Nilienda studio, Heritier akaifungua picha kwenye kompyuta na kuweka mstari wa kukatia katikati ya yale mabega mawili. Mlango ukafunguliwa. Koko Anastazia, aliyesikia msibani habari ya kukata, alikuwa ametoka Katogota nyuma ya pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, na Bosco anamfuata mbio.

"Nilisema musikate."

"Koko," Heritier akasema, kwa heshima yote, "lakini weye iko muzima. Ni ya sanduku. Watu wakikuona kwenye sanduku watasema nini?"

"Watasema nimemusindikiza."

Heritier alinitazama. Nikamwonyesha kitufe cha kuutoa ule mstari.

Basi hiyo ndiyo lenzi ya kutembea nayo. Nunua ile fupi, yenye tundu la kuaminika, isiyorefuka mbele ya watu, ambayo ukifika mwisho wake bado kuna nafasi ya yule aliyeketi kando. Zilizobaki zikapige Burundi.

Tulimzika Melania siku ya pili. Wajukuu wawili walibeba picha mbele ya sanduku, na watu kando ya njia walikuwa wanahesabu nyuso, wanaangalia sanduku, wanahesabu tena. Padri mwenyewe alitazama mara mbili kabla ya kuinua maji ya baraka. Koko Anastazia alitembea polepole nyuma ya uso wake mwenyewe unaocheka, hakufunika kitu. Kaburini alisimama mpaka udongo wa mwisho ukasawazishwa. Kisha akaichukua picha mikononi mwa wajukuu, akaifuta vumbi kwa kitenge, akaiweka kwapani, akarudi nayo nyumbani.